Mwanafunzi wa Mtandaoni na Haki ya Kujibiwa: Ushauri kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu wa Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Kuridhika kwa mwanafunzi na kozi anayoisoma kwa njia ya mtandao hupimwa siku hizi karibu kila mahali ambako vyuo vikuu hufundisha kwa njia hiyo, na kwa kawaida hupimwa kwa dodoso fupi la mwisho wa muhula, ambamo mwanafunzi hupewa kauli kadhaa na kutakiwa kuchagua namba, tuseme kuanzia 1 hadi 5, kuonyesha anakubaliana na kila kauli kwa kiasi gani. Kipimo cha namna hiyo huitwa kipimo cha Likert, kwa jina la Rensis Likert, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani aliyekieleza mwaka 1932, na uzuri wake ni kwamba hujazwa haraka na kuhesabiwa haraka. Hata hivyo, kwa mwanafunzi aliyeko Palma, Mocímboa da Praia, Ibo au Quissanga, namba hiyo moja hubebeshwa mambo mengi yasiyofanana: bando lililokwisha katikati ya somo, umeme uliokatika usiku wa kuamkia mtihani, Kireno kigumu cha moduli, na mwalimu aliyejibu swali au aliyelinyamazia. Mwanafunzi asiyeyatenganisha mambo hayo hawezi kujua ni lipi analoweza kulirekebisha mwenyewe, ni lipi anapaswa kulidai chuoni, na ni lipi la kuvumiliwa kwa sababu halimo mikononi mwa yeyote kati yao.

Wataalamu wengi wanaochunguza kuridhika huanzia katika nadharia iliyotolewa mwaka 1980 na Richard L. Oliver, ambaye alieleza kwamba mtu huridhika au hukosa kuridhika kwa kulinganisha alichokitarajia na alichokipata. Kilichopatikana kikizidi matarajio, mtu huridhika, na kikipungua, hukasirika au huvunjika moyo. Nadharia hiyo ilihamishiwa baadaye katika huduma za elimu, na inafaa sana kueleza jambo moja ambalo linastahili kuangaliwa kwa makini katika pwani hii, yaani kwamba mtu aliyetarajia kidogo mno anaweza kuridhika na kozi mbaya. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, watu wa wilaya za kaskazini wameishi miaka ya kukimbia na kurudi, na kufikia mwaka 2022 idadi ya waliohamishwa na vita katika jimbo zima ilikuwa imekaribia milioni moja. Katikati ya miaka hiyo, kimbunga Kenneth nacho kiliipiga pwani hii tarehe 25 Aprili 2019 na kuziharibu nyumba nyingi za Ibo na Macomia. Kijana aliyepita katika hayo yote, kisha akapata nafasi ya kusomea shahada kwa simu yake, ana kila sababu ya kushukuru, na shukrani hiyo humfanya aandike namba 5 katika dodoso hata pale ambapo hakufundishwa ipasavyo. Shukrani ni hisia njema, lakini haiwezi kutumika kama kipimo cha ubora wa ufundishaji, na mwanafunzi anashauriwa kuziweka mbalimbali: amshukuru aliyemfungulia mlango wa chuo, na wakati huohuo aseme ukweli kuhusu kile alichokikuta ndani.

Sababu inayowafanya wengi wachague njia hii ni ya wazi. Vyuo vikuu vyenye madarasa ya kukaa uso kwa uso katika jimbo la Cabo Delgado vimejikita kusini mwa jimbo, hasa Pemba na Montepuez, ambako Chuo Kikuu cha Lúrio kilichoanzishwa mwaka 2006, Chuo Kikuu cha Rovuma kilichozaliwa mwaka 2019 baada ya kugawanywa kwa Universidade Pedagógica, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji vina matawi yao. Kutoka Palma hadi Pemba ni zaidi ya kilomita 300 kwa gari, na sehemu ya safari hiyo hupita barabara ya N380, ambayo kwa vipindi mbalimbali imepitika kwa misafara iliyosindikizwa na askari tu. Kwa mwalimu wa shule ya msingi, mkunga, karani wa wilaya au mama mwenye watoto, kuhamia Pemba kwa miaka minne ni jambo lisilowezekana, na hivyo kozi ya masafa, yaani kozi ambayo mwanafunzi na mwalimu hawakai mahali pamoja, ndiyo njia pekee. Msumbiji ilitambua haja hiyo mapema kiasi cha kuunda Taasisi ya Taifa ya Elimu ya Masafa, inayojulikana kwa kifupi chake cha Kireno INED, mwaka 2006, na mjini Beira kumekua taasisi kubwa zinazofundisha kwa masafa, miongoni mwao Universidade Aberta ISCED.

Ili kufahamu kinachomridhisha mwanafunzi wa masafa, ni vyema kuanza na wazo la Michael G. Moore, mtaalamu wa elimu ya masafa aliyesema kwamba umbali unaodhuru masomo haupimwi kwa kilomita. Moore aliuita umbali wa kimaingiliano, maana yake pengo la kutoelewana linalotokea kati ya mwalimu na mwanafunzi pale mazungumzo yanapokuwa machache na kozi inapokuwa imepangwa bila kumwachia mwanafunzi nafasi ya kuuliza au kuchagua. Mwaka 1989 alibainisha maingiliano ya aina tatu, ambayo ni ya mwanafunzi na maudhui ya somo, ya mwanafunzi na mwalimu, na ya mwanafunzi na wanafunzi wenzake. Kwa mtazamo huo, mwanafunzi wa Mocímboa da Praia anayejibiwa na mkufunzi aliyeko Beira ndani ya siku mbili yuko karibu zaidi na chuo kuliko mwanafunzi anayeishi mtaa mmoja na kituo cha masomo ambako hakuna anayemsikiliza.

Hapa ndipo penye kiini cha ushauri huu. Mtandao mbovu hulalamikiwa sana, na ni haki ulalamikiwe, lakini watu wa pwani hii wana uzoefu mrefu wa kuishi na vitu vinavyokatika na kurudi, kama bahari inavyofunga kusi likichafuka na kufunguka likitulia, na kwa hiyo huusamehe mtandao kuliko wanavyosamehe ukimya wa mtu. Mwanafunzi aliyetuma kazi yake kwa shida, akapanda mahali penye mawimbi ya simu, akatumia fedha za bando ambazo zingenunua samaki wa jioni, kisha akakaa wiki sita bila kuambiwa kama kazi imefika, imepata maksi ngapi na ilikosea wapi, hupata fundisho moja tu, kwamba hakuna mtu upande wa pili. Mrejesho, yaani maelezo ya mwalimu kuhusu kazi ya mwanafunzi yanayomwonyesha alichopatia na alichokosea, ndio uzi unaomfunga mwanafunzi wa masafa na chuo chake, na ukikatika, kuridhika hakuwezi kuletwa na video nzuri wala na ukurasa wenye rangi za kupendeza.

Kabla ya kuingia katika ushauri wenyewe, kuna dhana moja inayohitaji kusahihishwa. Watu wengi waliunda maoni yao kuhusu kozi za mtandaoni mwaka 2020, wakati serikali ya Msumbiji ilipofunga shule na vyuo mwezi Machi kwa sababu ya uviko, na walimu wakalazimika kuhamishia masomo katika simu na kompyuta bila maandalizi. Wataalamu wa elimu, wakiongozwa na Charles Hodges, waliandika mwezi huohuo kwamba ufundishaji wa namna hiyo ni ufundishaji wa dharura na haufanani na kozi iliyobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtandao, ambayo huchukua miezi mingi kuandaliwa. Anayeikataa kozi ya masafa leo kwa sababu ya kumbukumbu za mwaka 2020 anakataa kitu tofauti na kile kilichopo mbele yake, na vilevile chuo kinachoendelea hadi leo kutuma picha za kurasa kwa WhatsApp na kuuita utaratibu huo kozi ya mtandaoni kinaendeleza dharura iliyokwisha.

Sehemu kubwa ya kuridhika huamuliwa kabla ya somo la kwanza, katika siku za kujiandikisha, kwa sababu hapo ndipo matarajio hujengwa. Mwanafunzi anashauriwa kuhakikisha kwanza kwamba chuo na kozi vina ithibati, maana yake vimekaguliwa na kukubaliwa na Baraza la Taifa la Tathmini ya Ubora wa Elimu ya Juu, CNAQ, lililoundwa mwaka 2007. Baada ya hapo aulize maswali ambayo vipeperushi vya matangazo havina desturi ya kuyajibu: mkufunzi mmoja anahudumia wanafunzi wangapi, swali hujibiwa ndani ya siku ngapi, kazi husahihishwa kabla au baada ya kazi inayofuata kutakiwa, na mtihani wa mwisho hufanyiwa wapi. Swali la mwisho lina uzito wa pekee kaskazini. Mwanafunzi wa Ibo anayetakiwa kufanya mtihani Pemba hulazimika kuvuka kwa chombo hadi Tandanhangue, ambako vyombo hupita maji yakijaa, kisha atafute gari, na gharama ya safari hiyo pamoja na malazi inaweza kuwa nzito kuliko ada ya somo lenyewe. Ng'ambo ya mto Ruvuma, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kilijengwa tangu mwanzo juu ya vituo vya mikoa ili mwanafunzi wa Mtwara asilazimike kwenda Dar es Salaam kwa kila jambo, na mfano huo unatosha kuonyesha kwamba kumsogezea mwanafunzi mtihani ni jambo linalowezekana katika nchi kubwa yenye barabara ngumu. Wanaofikiria kujiunga na chuo cha ng'ambo kwa sababu ya ukaribu na lugha wanashauriwa kuuliza mapema utaratibu wa kutambuliwa kwa shahada ya nje nchini Msumbiji, ili wasije wakamaliza masomo na kukwama kwenye ajira.

Jambo la pili la kuulizwa kabla ya kulipa ni uzito wa kozi, na kwa uzito hapa inakusudiwa kiasi cha data ambacho masomo yake yatakula, au mega, kama wanavyosema wanunuzi wengi wa Msumbiji. Hesabu yake si ngumu na inafaa ifanywe kwa kalamu. Video inayosafirishwa kwa kasi ya kilobiti 1,000 kwa sekunde, ambayo ni picha ya ubora wa wastani tu, hula megabaiti 450 kwa saa moja. Sauti peke yake, ikirekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ambazo zatosha kabisa kwa mtu anayezungumza, hula chini ya megabaiti 15 kwa saa hiyohiyo. Muhula wenye masomo 5, kila somo likiwa na saa 2 kwa wiki kwa wiki 16, una saa 160, na saa hizo zikifundishwa kwa video ya moja kwa moja zitakula gigabaiti 72, ilhali zikifundishwa kwa sauti iliyorekodiwa hazitafika gigabaiti 2.5, bila kusahau kwamba sura nzima ya moduli ya maandishi matupu mara nyingi haifiki megabaiti moja. Tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya mwanafunzi anayehudhuria na mwanafunzi anayefukuzwa na bei bila mtu yeyote kumfukuza. Kwa hiyo mwanafunzi anayeishi kwa bando la siku au la wiki anashauriwa kuchagua kozi ambayo uti wake wa mgongo ni maandishi na sauti, na ambayo video ni nyongeza, hata kama kozi yenye video nyingi inaonekana ya kisasa zaidi. Wakufunzi nao wanapaswa kuifahamu hesabu hii, kwa kuwa saa moja ya kikao cha video isiyokuwa na ulazima huwagharimu wanafunzi 60 gigabaiti 27 kwa jumla.

Kukatika kwa umeme na mtandao hakuwezi kuondolewa na mwanafunzi, lakini kunaweza kuwekwa ndani ya mpango. Kituo cha umeme cha Awasse kilipoharibiwa katika vita mwaka 2020, wilaya kadhaa za kaskazini zilikaa gizani kwa muda mrefu, na katika shambulio la Palma la mwezi Machi 2021 mawasiliano ya simu yalikatika kabisa, hivyo anayepanga masomo yake kana kwamba mtandao utakuwapo kila siku anapanga kwa kusahau historia ya karibu. Ni busara kupakua mafaili yote ya muhula mara tu yanapofunguliwa, kuyaweka katika simu na katika kadi ya kumbukumbu, na kuchapa zile sura ambazo mtihani hutegemea zaidi. Vyuo vingi hutumia Moodle, jukwaa la masomo ambalo programu yake ya simu inaruhusu kupakua maudhui na kuyasoma bila mtandao, na pale mwalimu anapoweka ruhusa, hata kujibu maswali ya jaribio na kuyapeleka baadaye mawimbi yanaporudi. Majibu marefu yaandikwe nje ya jukwaa kwanza, katika programu ya kawaida ya maandishi, kwa sababu ukurasa ukijifunga katikati ya jibu hupotea kila kitu. Kazi zipelekwe siku mbili au tatu kabla ya siku ya mwisho, na picha ya uthibitisho wa kupokelewa ihifadhiwe. Ikumbukwe pia kwamba majira ya vimbunga huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na mwaka wa masomo wa Msumbiji huanza katikati ya majira hayo, wakati ambapo katika miaka hii Ramadhani nayo huangukia. Mwanafunzi anayefunga, anayepika futari na anayesali tarawehe atajua mwenyewe kwamba wiki hizo hazibebi kazi sawa na wiki za kawaida, na ni heri ayaseme hayo kwa kundi lake na kwa mkufunzi mapema kuliko kusubiri kuchelewa.

Lugha inastahili kuangaliwa kwa kina zaidi kuliko inavyoangaliwa katika dodoso za vyuo. Masomo ya chuo kikuu nchini Msumbiji ni ya Kireno, na mwanafunzi wa pwani hii huenda anazungumza Kimwani nyumbani, Kimakonde au Kimakwe kwa jirani, Kiswahili sokoni na kwa ndugu wa Mtwara, kisha Kireno shuleni na ofisini. Katika darasa la uso kwa uso, Kireno kigumu husaidiwa na sauti ya mwalimu, mkono wake, mchoro wa ubaoni na mnong'ono wa jirani wa dawatini anayefasiri haraka. Mtandaoni misaada yote hiyo hutoweka na kubaki maandishi matupu, ambayo mara nyingi yameandikwa kwa mtindo wa kisheria au wa vitabu vya zamani, na mwanafunzi huanza kudhani kwamba hana akili ya somo ilhali tatizo lake ni msamiati. Dawa inayofaa ni ya hatua mbili: kwanza somo lijadiliwe katika lugha ambayo wanafunzi wanaifikiria kwa wepesi, iwe Kimwani au Kiswahili, mpaka wazo lenyewe likae, kisha jibu liandikwe kwa Kireno kwa kutumia daftari la istilahi ambalo kila mmoja amejitengenezea, lenye neno la Kireno, maana yake kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe, na sentensi moja ya mfano. Wapo walimu wanaoona kuzungumza lugha ya nyumbani katika masomo kuwa kurudi nyuma, lakini mtazamo huo hauna msingi, kwa kuwa anayeelewa jambo kwa lugha moja ana kitu cha kukihamishia katika lugha nyingine, na asiyeelewa kwa lugha yoyote hana cha kuhamisha.

Majadiliano hayo yanahitaji watu, na hapa ndipo aina ya tatu ya maingiliano aliyoitaja Moore inapopata nguvu. Kundi la wanafunzi 4 au 6 wa wilaya moja linalokutana mara moja kwa wiki, barazani au katika chumba cha shule kilicho wazi jioni, hupunguza gharama na upweke kwa pamoja: mmoja hupakua mafaili na kuwagawia wengine kwa simu bila bando, mwingine huandika maswali yote kuwa ujumbe mmoja, na mwenye sola nyumbani huchajia wenzake simu. Ujumbe unaokusanya maswali ya watu 5 hujibiwa haraka kuliko ujumbe 5 wa mtu mmojammoja, hasa ukiandikwa kwa namna inayomrahisishia mkufunzi, yaani ukitaja somo, ukurasa wa moduli, kile ambacho wanafunzi walijaribu na mahali hasa walipokwama. Swali lisemalo tu kwamba mtu hakuelewa sura ya tatu ni gumu kujibiwa hata na mwalimu mwenye nia njema. Kundi la WhatsApp la darasa zima lina faida yake ya matangazo, lakini kundi la watu 200 huzama haraka katika salamu na picha, na halifai kuwa mahali pa kusomea.

Wanawake wanahitaji kutajwa kwa jina lao katika mpango wa kundi kama hilo. Kozi ya masafa husifiwa kwamba inamwezesha mama kusoma bila kuacha nyumba, na sifa hiyo ni ya kweli, ila hugeuka kuwa mzigo pale ambapo jamaa zake huamini kwamba aliyeko nyumbani yuko huru. Mume, mama mkwe na watoto wakubwa wakielezwa kwamba kuna saa mbili maalumu ambazo simu ni ya masomo na mhusika hapatikani kwa kazi nyingine, na ratiba ya mitihani ikibandikwa mahali wanapoiona, wengi huiheshimu. Pale simu ni moja kwa nyumba nzima, kundi linapaswa kumpa nakala za karatasi bila kumfanya aombe.

Kuna aina moja ya kutoridhika ambayo mwanafunzi anashauriwa kuivumilia, hata kuitafuta. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika madarasa ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Harvard, na waliona kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa kushirikishwa, wakilazimika kutatua maswali wenyewe, walijifunza zaidi kuliko wale waliosikiliza mhadhara mzuri, na bado walijiona wamejifunza kidogo zaidi. Jitihada ya kufikiri iliwachosha, nao wakauchukulia uchovu huo kuwa dalili ya kutofundishwa. Jambo hilo hutokea kwa nguvu zaidi mtandaoni, ambako mwanafunzi yuko peke yake na ugumu wake. Kozi inayompa mazoezi kila wiki, ikamrudishia kazi ili aiandike upya, huenda ikamchukiza mwezi wa pili na kumfaa maisha yote. Njia ya kutofautisha ugumu wenye faida na uzembe wa chuo ni kujiuliza, kila baada ya wiki nne, ni kazi gani mtu anaweza kuifanya leo ambayo mwanzoni mwa muhula hakuiweza: kusoma jedwali la takwimu, kuandaa mpango wa somo, kuandika barua rasmi, kukokotoa gharama za mradi. Jibu likiwepo, uchovu ni halali. Lisipokuwepo kwa miezi miwili mfululizo, kozi ina tatizo, hata kama maksi zinazotolewa ni za juu.

Dodoso la chuo lijazwe kwa uzito huohuo. Wastani wa namba unaotokana na dodoso huficha jambo kubwa, nalo ni kwamba dodoso hujazwa na waliobaki. Mwanafunzi aliyeacha masomo mwezi wa tatu kwa kukosa bando, aliyekimbia tena na familia yake, au aliyechoka kusubiri jibu, hayumo katika hesabu, na kwa sababu hiyo kozi inayowapoteza nusu ya wanafunzi wake inaweza kuonyesha wastani mzuri kuliko kozi inayowashikilia wenye matatizo mpaka mwisho. Chuo kinachotaka kujua ukweli kuhusu wanafunzi wa Palma au Macomia hakina budi kuwapigia simu walioondoka, na wanafunzi waliobaki wanaweza kusaidia kwa kuandika katika nafasi ya maoni kwamba walianza wangapi wilayani mwao na wamebaki wangapi.

Malalamiko yanayofanya kazi yana umbo lake. Yanataja tarehe ya tukio, yanaeleza kwa sentensi chache kilichotokea, yanaambatisha ushahidi kama picha ya skrini, na yanamalizia na ombi moja linalotekelezeka, kwa mfano kuongezewa siku 7 za kupeleka kazi kwa wilaya ambayo mtandao ulikatika, au kupewa rekodi ya sauti ya kikao kilichofanyika kwa video. Yaelekezwe kwanza kwa mkufunzi, kisha kwa mratibu wa kozi, na baada ya hapo kwa uongozi wa chuo, na kila hatua ibakiwe na nakala. Adabu ya pwani, inayomfanya mtu aanze kwa salamu na kumwita mwalimu wake kwa heshima, haipingani hata kidogo na uthabiti wa ombi, na mwanafunzi asidhani kwamba kudai kujibiwa ni utovu wa heshima kwa mwalimu. Amelipa ada, amejiandikisha, na jibu ni sehemu ya kile alicholipia.

Kwa wakufunzi, ushauri unaweza kuwa mfupi. Tarehe ya kurudisha kazi itangazwe pamoja na tarehe ya kuipokea. Mkufunzi asiyeweza kujibu wiki hii aseme kwamba atajibu wiki ijayo, kwa kuwa ujumbe huo wa sentensi moja hupunguza wasiwasi wa mtu aliyeko Nangade kuliko maelezo marefu yanayofika baada ya mtihani. Sauti ya dakika 2 iliyotumwa kwa simu, mkufunzi akieleza kosa lililorudiwa na wengi katika zoezi, haifiki megabaiti moja ikirekodiwa kwa kasi iliyotajwa hapo juu, na humfanya mwanafunzi asikie kwamba kazi yake imesomwa na binadamu.

Inapotokea kwamba maombi yote yamefanywa kwa utaratibu na bado chuo hakijibu, mwanafunzi ana haki ya kuhama, na uamuzi huo hufanywa vizuri zaidi mwishoni mwa muhula kabla ya ada mpya kulipwa. Asiondoke mikono mitupu. Aombe taarifa rasmi ya matokeo yenye muhuri, pamoja na muhtasari wa masomo aliyoyafaulu, kwa sababu chuo kipya kitavihitaji ili kumhesabia masomo hayo na kumwondolea kuyarudia. Familia nyingi za Mocímboa da Praia na Palma zilipoteza vyeti vyao katika miaka ya vita, na wengine walitumia muda mrefu kuthibitisha tu kwamba waliwahi kusoma, kwa hiyo karatasi hizo zipigwe picha siku zinapopokelewa, picha zitumwe kwa barua pepe ya mwenye vyeti mwenyewe, na nakala moja iliyothibitishwa iwekwe kwa ndugu anayeishi wilaya nyingine, Pemba, Nampula au hata Mtwara, ambaye simu yake inajulikana na kila mtu nyumbani.